Kompyuta Iliyovaa Sweta

Kithinji wa Kaaga alikuwa na mdomo, na hilo tuliseme mapema, maana bila kulijua huwezi kuona utamu wa mambo yaliyompata. Kibandani kwake mjini Meru, alikotengeneza cherehani na taipureta, na kompyuta nazo zilipoanza kuingia, watu walikuja nusu kwa ajili ya mashine na nusu kwa ajili ya porojo. Angekueleza kwa nini redio yako imenyamaza, kwa nini kahawa ya mwaka huu haina bei na kwa nini mkeo amenuna, yote hayo bisibisi ikiwa mkononi. Kazi alifundishwa na fundi mzee aitwaye Kiogora, na somo la kwanza kabisa lilikuwa hili: mashine ikikugomea, kabla hujailaumu, toa pamba menoni mwake. Kithinji alilirudia somo hilo kwa kila mteja, mpaka wengine wakalijua kwa moyo kuliko sala.

Lakini mvushe mto Thuci, mwingize Embu, uone. Ulimi ulikauka. Kilichoukausha ni mama mmoja aitwaye Regina.

Tuanze na binti yake. Igoki alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja pale Kaaga. Siku moja alileta taipureta ya shule iliyokuwa imegoma herufi moja, akasimama kuisubiri, akacheka porojo za fundi, na wiki iliyofuata taipureta ikaharibika tena. Iliharibika mara nyingi mwaka ule, maskini, hata mwalimu mkuu akaanza kuulizia mpya. Kufikia mwaka wa tisini na sita, Igoki na Kithinji walikuwa wamekubaliana kuoana. Lililobaki lilikuwa wazee waende Embu kubisha hodi.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Msemaji wa ukoo alikuwa Mzee Muthamia, ndugu mkubwa wa baba yake Kithinji, na Mzee Muthamia hakuwa mtu wa kubahatisha.

"Niliwahi kwenda kwa watu nikaambiwa binti amesafiri," alisema, "na binti mwenyewe alikuwa ananichungulia kwa dirisha. Sirudii hiyo aibu. Wewe tangulia. Huyo mama akikuita muthoni, hata mara moja, mimi nachukua fimbo yangu tunatoka asubuhi. Asipokuita, niko hapa nakunywa uji."

Muthoni ni mkwe, kwa Wameru na kwa Waembu vilevile, na neno hilo halitupwi ovyo. Mama akishakuita hivyo amekukubali. Hata akikukasirikia kesho, atakukasirikia akiwa mama mkwe wako. Kithinji alitaka neno hilo moja tu, na usiku alilala akiliwaza.

Sasa Regina mwenyewe. Alizaliwa Karurumo, akaolewa na Mzee Mbaka, wakajenga Dallas, mtaa mmoja wa Embu mjini. Alipiga taipu ofisini mpaka vidole vikajua njia bila yeye, kisha akastaafu na kufungua chuo cha taipu katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Alikuwa mkali, jamani. Alimkemea mwuza maziwa kwa kuchelewa, akamkemea jirani kwa ajili ya makosa ya jogoo wake, na Jumapili moja alimfuata mchungaji hadi nje ya kanisa akamwambia mahubiri yake yana kichwa ila hayana mkia. Wanafunzi walimwogopa, wakampenda pia, kwa kuwa waliopita mikononi mwake walipata kazi.

Tena alikuwa na ugonjwa wa kufuma. Akina mama wengi wa pande zile hufuma vitambaa vya kufunika viti na meza, lakini Regina alipitiliza. Makochi yalivaa mgongoni na mikononi, redio ilikuwa na chake, na thamosi ilivaa sweta yenye vifungo. Mzee Mbaka alipenda kusema kwamba nyumbani mwake haketi pahali pamoja kwa muda mrefu, asije akafunikwa.

Basi chuo kilipopata kompyuta yake ya kwanza, mtumba kutoka ofisi moja ya Nairobi, jambo la kwanza alilofanya Regina halikuwa kuiwasha. Aliipima kwa kamba. Akaifumia kitambaa cha sufu, kijani kwa nyeupe, kipana, chenye matamvua marefu yaliyoning'inia pindoni mpaka mezani. Kilipendeza kwa kweli. Waliokuja kuona kompyuta waliondoka wakisimulia kitambaa.

Kompyuta yenyewe ilikuja tupu, imefutwa kila kitu. Ilihitaji kuwekewa DOS, programu ya kuiamsha, na juu ya DOS ile Windows ya zamani, ya tatu, kwa sababu mpya ya tisini na tano ilikuwa nzito mno kwa mashine ya umri ule. Na haikuwa na mahali pa kutia sidii. Kila kitu kilipaswa kuingia kwa disketi, moja baada ya nyingine, kama kumlisha mtoto uji kwa kijiko.

"Mama, kuna fundi namjua huko Meru," Igoki alimwambia mama yake likizo ya Agosti ilipoanza.

Regina alimtazama binti yake kwa muda. "Najua unamjua," akasema. "Mwambie akuje."

Kithinji akaja, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali. Alimsalimu Regina kwa mbali, macho chini, kama alivyofunzwa nyumbani: mama wa mchumba hatazamwi usoni, hajibizwi, na chake hakichezewi. Akangoja kuulizwa habari za Meru. Hakuulizwa. Yule mama aliyemkemea mchungaji hakumwambia neno.

"Igoki," Regina akasema, ilhali Kithinji amesimama palepale, "uliza mgeni kama anakunywa chai ya maziwa."

"Igoki," Kithinji akajibu akiitazama sakafu, "mwambie Mama nakunywa."

Chai ikaja na thamosi yake iliyovaa. Kithinji akainywa kwa huzuni. Mgeni! Si fundi, si hata Kithinji. Mgeni.

Akageukia kazi, ambayo angalau alijua kuongea nayo. Alikivua kitambaa kwa mikono miwili, akafungua sanduku la kompyuta, akakagua ndani, akalifunga. Hapo akasimama na kitambaa kifuani. Angekitupa wapi? Kazi ya mikono ya mama mkwe, ukiibwaga kitini kama koti kuukuu, ni kama umemvua yeye kilemba. Kwa hiyo akakirudisha juu ya mashine, akakilainisha kwa kiganja, akapanga matamvua mbele yakalala sawasawa. Regina alikuwa mlangoni. Alifungua mdomo, akaufunga, akaenda zake jikoni.

"Amenichukia," Kithinji akawaza.

Akaanza kuweka disketi, akiyatenga matamvua kwa vidole viwili kama mtu anayechungulia pazia. DOS iliingia vizuri. Windows nayo ikaanza vizuri, disketi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikaingia, na mashine ikaanza kutafuna: krr, krr, krr. Skrini ikasema haiwezi kusoma, ikauliza kwa Kiingereza chake kikavu: niache, nijaribu tena, au nishindwe? Kithinji akaiambia ijaribu tena. Krr, krr. Akajaribu mpaka wanafunzi wakaanza kutazamana.

"Igoki," sauti ikatoka mlangoni, "uliza mgeni kama hiyo sauti ni ya kawaida."

"Mwambie Mama ni disketi. Hiyo ya nne ni mbovu."

Jibu la haraka, na la fundi mvivu. Alirudi Meru, akaazima seti nyingine kwa rafiki yake Mutuma, aliyekuwa karani wa ofisi moja mjini. Akazijaribu zote kibandani, zikasoma bila kigugumizi. Akazibeba mpaka Dallas, akakaa mbele ya kompyuta iliyovaa, akatenga matamvua. Ya kwanza ikasoma. Ya pili, krr. Akazitoa zile za awali azijaribu tena, na zile zilizosoma wiki iliyopita nazo zikakataa. Akavua kitambaa, akabonyeza kebo upya, na kwa kuwa Regina alikuwa anapita, akakirudisha haraka na kuyachana matamvua kwa vidole hadi yakanyooka. Krr.

Najua wewe umekwisha kuona. Usijisifu. Hukuwa na mama mkwe mlangoni.

Wiki zile kila mtu alikuwa na sababu yake. Mutuma, ambaye disketi zake zilirudi Meru zikiwa mbovu, alisema Embu stima yao ni hafifu. Wanafunzi wa Dallas, waliokuwa wakijizoeza kupiga herufi kwenye DOS huku wakingoja Windows, walinong'ona kwamba mikono ya Wameru ni ya kuchuma miraa, si ya vitu laini. Mzee Muthamia aliuliza swali moja tu.

"Amekuita?"

"Bado."

"Basi uji wangu haujaisha."

Kithinji alikonda. Kibandani porojo zilipungua, na mteja mmoja aliuliza kama amefiwa. Kilichomuuma hakikuwa mashine. Mashine zilikuwa zimemshinda hapo awali na hakuna aliyekufa. Kilichomuuma ni kwamba kila aliposhindwa, Regina alitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akaondoka. Kwa mwanamke wa ukali ule, kunyamaziwa kulikuwa kubaya kuliko kutukanwa. Angalau anayetukanwa anahesabiwa kuwa mtu.

Safari ya tatu alijiandaa kama anayekwenda vitani. Alibeba nakala za disketi, mbili mbili, na ndani ya taulo alifunga kisoma-disketi kingine kizima, akitaka kuking'oa kile cha Regina na kuweka hiki. Wanafunzi walikuwa wameenda kula. Igoki alikuwa anaosha vyombo uani. Kithinji akasema, kabla sijang'oa, ngoja nijaribu mara moja zaidi.

Disketi ikaingia, ikatafuna, akabonyeza kitufe itoke. Haikutoka. Akaivuta kwa kucha. Ikaja polepole, na nyuma yake ukaja uzi. Uzi mrefu, wa kijani, umenasa kwenye kile kifuniko kidogo cha chuma cha disketi. Akauvuta. Ukaendelea kuja.

Akakaa akiutazama uzi ule, kisha akayatazama matamvua, kisha uzi tena.

Alivua kitambaa, akafungua sanduku, akakitoa kisoma-disketi na kukifungua juu. Ndani mlikuwa na kiota. Manyoya ya sufu, kijani kwa nyeupe, yamejisokota chini ya kichwa cha kusomea mpaka kichwa chenyewe kimevaa kofia, na kofia hiyo, kwa vumbi lake, ndiyo iliyokuwa ikizikwaruza disketi moja baada ya nyingine. Akaelewa yote kwa mara moja. Feni ya nyuma husukuma hewa nje, na hewa ya kuingia hupita popote penye tundu mbele, na tundu kubwa lilikuwa mdomo wa disketi, na mbele ya mdomo ule, yamechanwa vizuri, yalikuwa matamvua ya mama mkwe. Mashine ilikuwa inavuta kitambaa kama mzee anavyovuta ugoro.

Toa pamba menoni mwake! Aliona kama Kiogora amesimama nyuma yake anatikisa kichwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo aliivisha yeye mwenyewe, mara ngapi, kwa adabu zake zote.

Kukisafisha kungekuwa kazi ndogo, na kizima alikuwa nacho kwenye taulo. Kazi kubwa ilikuwa kusema. Kitambaa kingerudi juu ya mashine mara tu yeye akiondoka, na ugonjwa ungerudi nacho. Ilibidi mtu amwambie Regina kwamba sweta yake ndiyo inayoikaba kompyuta.

Alimwendea Igoki uani. Igoki alipouona uzi, alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

"Mwambie wewe mama yako," Kithinji akamsihi.

"Zii. Mimi nitaishi na wewe, sitaishi katikati yenu. Leo nikipeleka hiyo, kesho nitapeleka ingine mpaka nizeeke."

Akamwendea Mzee Mbaka, aliyekuwa kivulini na redio yake, nayo imevaa. Mzee akasikiliza, akafikiri.

"Kijana," akasema, "mimi nimeishi na hivyo vitambaa tangu nioe. Hujiulizi ni kwa nini bado niko hai?" Akaongeza sauti ya redio.

Kithinji akabaki peke yake. Alifikiria kusingizia panya. Alifikiria kuweka kisoma kipya, kumaliza, na kukimbia kabla manyoya hayajarudi. Lakini wanafunzi wale walikuwa wamengoja, na chuo kilikuwa jasho la yule mama, na mtu anayeanza ukwe kwa kumdanganya mama mkwe atamaliza vipi? Mficha uchi hazai. Akaufunga ule uzi kwenye kidole ili usimponyoke ujasiri, akaenda mpaka mlango wa jikoni, akasimama nje, uso ameuelekeza kwenye ukuta.

"Mama," akasema. "Naomba kusema."

Ndani mwiko ukaacha kusonga.

"Mashine haina makosa. Disketi hazikuwa na makosa. Hata stima ya Embu haina makosa. Ni manyoya ya kitambaa, Mama. Yanavutwa ndani kwa mdomo wa disketi, yanakwaruza. Na ni mimi niliyekuwa nakirudisha ikiwa inafanya kazi. Kitambaa ni kizuri. Ni kizuri sana, Mama, hata Meru sijaona kama hicho. Lakini kompyuta ikiwa kazini... ivuliwe."

Kithinji akahesabu mawe ya ukuta. Mawazoni akamwona Mzee Muthamia akimimina kikombe kingine cha uji.

"Kai!" Regina akasema. "Umemaliza?"

Hakusema Igoki mwulize. Aliuliza yeye, moja kwa moja.

"Nimemaliza, Mama."

"Sasa wewe nisikize. Mimi nikifundisha watoto taipu, siku ya kwanza nawaambia nini? Toa kitambaa, kunja, weka kando. Mashine haifanyi kazi na nguo! Hata Igoki alijua hiyo kabla ajue kusoma. Halafu unakuja wewe, fundi mzima, unatoa, unarudisha! Unachana matamvua kama nywele ya mtoto anaenda church! Nikajiambia, Ngai, Mungu wangu, huyu anafanya nini? Nikataka kukwambia. Nikashika mdomo. Nikafikiria labda hizi kompyuta husikia baridi. Nikaacha hata wanafunzi waifunike, kwa sababu fundi ndiye anajua."

Kithinji alisahau adabu akageuka. "Lakini Mama, kwa nini hukuniambia? Mama unaambia hata pastor!"

"Pastor ni muthoni wangu?"

Regina alikuwa ametokea mlangoni, mwiko mkononi, na alikuwa amekasirika kwa namna ya mtu aliyechokozwa kuhusu jambo lililo wazi.

"Nitamgombeza pastor, atakwenda, atakuja mwingine. Muthoni anakemewa? Nani aliwahi kuona hiyo? Tangu siku ile Igoki aliniambia kuna fundi anamjua, mimi nilikuwa nimemaliza hiyo maneno. Nimenyamazia mtu hivyo lini, mimi? Ulimi karibu unikatike! Mama Igoki ananyamaza wiki tatu, na wewe huoni?"

Kithinji akaukaza ule uzi kidoleni. Machozi yalimjia, akasingizia moshi wa jikoni, ingawa Regina alikuwa anapikia gesi.

"Mama," akasema mwishoni, "hilo neno. Unaweza kulisema tena, Igoki akiwa karibu? Kuna mzee atataka shahidi."

Kompyuta ilimaliza kuwekewa Windows jioni ileile, disketi ya kwanza mpaka ya mwisho bila krr hata moja, ikiwa uchi mbele ya darasa zima. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa, kimewekwa kando, na Regina mwenyewe ndiye aliyekikunja. Picha ya rangi ilipotokea wanafunzi walipiga makofi. Yule aliyesema habari za miraa alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mzee Muthamia alichukua fimbo yake. Jumamosi moja ya Septemba wazee wa Kaaga waliketi Dallas, kila mmoja akiwa na kitambaa nyuma ya kichwa, na Regina akawa Regina. Alimkemea Mzee Mbaka kwa kuchelewesha soda. Alimkemea Igoki kwa kucheka na wageni kabla hawajala. Alimwambia hata Mzee Muthamia, kwa heshima lakini kwa sauti, kwamba fimbo haiingii na matope kwenye nyumba ya watu, na mzee, aliyepima maneno maisha yake yote, akatoka nje kuipangusa.

Kisha Regina akafika mahali alipoketi Kithinji. Kijana wa watu alikuwa amemwaga mchuzi juu ya kitambaa cheupe cha mkono wa kochi, doa kubwa, mbele ya kila mtu. Regina akalitazama lile doa. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akampita bila neno, akaenda kumgombeza mwingine.

Kithinji akainamisha uso juu ya sahani kuificha furaha yake.